Mkwamo na Kukwamua

Vijiweni wangesema ngoma droo. Ndugu wawili wana kampuni yenye jengo moja Kariakoo, kila mmoja na hisa 50 kati ya 100. Mkubwa anataka liuzwe, mdogo anataka wakope benki waongeze ghorofa. Lakini droo ni matokeo ya mechi moja, na mechi hurudiwa. Hapa kila kura itatoa droo, hundi zinahitaji saini zote mbili, na bomba la maji linavuja. Hali hiyo naiita mkwamo.

Wapo wanaopendelea "mvutano". Siuafiki: wanaovutana bado wanasogea. Gari lililokwama topeni huenda halina ubovu wowote; injini inanguruma, tairi zinazunguka, safari haipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yenidje Tobacco, kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1916. Weinberg na Rothman, waliokuwa na nguvu sawa za kura, walinuniana hadi wakawa wanapelekeana maneno kupitia kwa katibu. Faida ilikuwa ikiingia, na bado mahakama iliamuru kampuni ivunjwe kwa misingi ya haki. (Tusiseme "ifilisiwe": hawa hawakuishiwa kitu ila maelewano.) Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo inaipa mahakama uwezo huo.

Uzuri wa neno ni kwamba kukwama kuna kukwamua, hivyo mkataba wa wanahisa waweza kuwa na kifungu cha kukwamua. Kumpa mwenyekiti kura ya ziada hakutoshi. Mwenyekiti ni mmoja wa hao wawili, na nusu ya mwenzake haitakuwa nusu tena. Kipo kifungu kikali ambacho Waingereza wamekiita kwa mchezo wa bastola, ruleti ya Kirusi. Mimi nasema "taja bei nichague": mmoja anataja bei ya nusu, mwenzake anaamua kuuza au kununua kwa bei hiyohiyo. Ni kama watoto na andazi, mmoja akate, mwingine atangulie kuchagua. Mjanja akitaja bei ya kutupa, atanunuliwa yeye.

Ila mali ya kampuni ya majengo imo ukutani, haimo mfukoni. Mwenye fedha taslimu aweza kutaja bei ndogo akijua mwenzake hana za kununulia. Kwa hiyo kifungu kitaje na muda, tuseme siku 90, za kumleta mthamini na kuzungukia benki. Siku saba zinamtosha mwenye fedha peke yake.