Dawa za kupunguza unene: nani aliweka kufuli?

Haya wadau, leo tuache habari za foleni ya kantini. Wiki hii hosteli kuna ubishi mkali: kwa nini dawa ya kupunguza unene mpaka daktari aandike cheti? Mwenzetu mmoja anasema madaktari wanatubania tu, bora aagize mtandaoni. Mimi mtu wa historia, nikasema ngoja nimjibu kwa miaka.

Tuanzie Marekani, 1933. Pale Stanford, Maurice Tainter na wenzake walitangaza kwamba dinitrofenoli inaupa mwili kasi ya kuunguza mafuta. Kumbe kemikali hiyo hiyo ilikuwa imeshaua wafanyakazi wa viwanda vya baruti Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza! Sheria ya dawa iliyokuwepo, ya 1906, haikumdai mtengenezaji athibitishe usalama kabla ya kuuza. Kwa hiyo ukitaka, unapata. Watu wakakonda kweli. Ila kufika 1935 wanawake vijana wakawa wanaripotiwa kupata mtoto wa jicho na kupofuka, na wengine walipanda joto la mwili mpaka wakafa. Sheria mpya ikaja 1938, dawa ikatoka sokoni. Mwaka 1951 sheria nyingine ikatenganisha wazi dawa za cheti na zile za kununua tu dukani.

Sasa msidhani cheti kinamaliza kila kitu. Miaka ya 1990 madaktari wa huko waliandika sana fenfluramine pamoja na phentermine. Kila moja ilikuwa na kibali chake, ila kuzichanganya hakukuwa na kibali. Julai 1997 Mayo Clinic wakaeleza habari za wanawake 24 waliozitumia na vali za moyo zikawa na kasoro. Septemba fenfluramine ikaondolewa. Nani aligundua? Madaktari waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wao. Ukinunua kichochoroni, nani anakufuatilia?

Halafu 2021 Wegovy ikapata kibali Marekani. Hii inafanya kazi, utafiti upo, ila bei yake ya kawaida ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Hapo mwenzetu ana hoja: mwenye cheti mkononi na mfuko mtupu bado amefungiwa nje. Na pengo hilo ndilo wahuni wanalolipenda. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Kwa hiyo wadau, naona mlango una kufuli mbili. Ya cheti imelipiwa kwa macho na roho za watu. Ya bei ni biashara. Tupige kelele hiyo ya pili ifunguliwe, ila ya kwanza tusiivunje kwa kidonge kisicho na jina.

Na wewe dada wa chumba cha jirani, kabla hujatuma hela, pita kwanza zahanati ya chuo. Nawasilisha, karibuni tubishane.