Hamasa Haitangulii Kuelewa

Katika vyuo vyetu imekuwa desturi, mwaka wa masomo unapoanza, kumwalika mhamasishaji azungumze na wanafunzi wapya. Ukumbi hujaa, watu hucheka, hupiga makofi, huapa kimoyomoyo kwamba safari hii hawatasoma kwa zimamoto. Muhula ukifika katikati viti vingi ni vitupu, na sisi walimu tunarudia hukumu ile ile: vijana wa siku hizi hawana moyo wa kusoma. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imeshika mambo kichwa chini miguu juu. Tunamdai mwanafunzi hamasa kwanza ndipo aelewe, ilhali hamasa aghalabu huja nyuma ya kuelewa. Asiyeelewa, hata akiapa vipi, itamwishia njiani.

Mwaka 2016 Gabrielle Garon-Carrier na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoto 1,478 wa Kanada tangu wakiwa na miaka 7 hadi 10, wakipima uwezo wao wa hisabati na jinsi wanavyolipenda somo lenyewe. Mtoto aliyefanya vizuri mapema alielekea kulipenda somo zaidi baadaye. Kinyume chake hakikuonekana: kulipenda somo mapema hakukutabiri matokeo ya mbele. Hao ni watoto wa shule ya msingi, tena wa mbali, na nisingejenga hoja nzima juu yao. Lakini tazama shule za serikali za Tanzania bara. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, amezoea kunyoosha kidole kabla swali halijaisha. Anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia inafundishwa kwa Kiingereza. Anaanza kunakili ubaoni bila kuuliza. Kufikia kidato cha pili amekwisha kujifunza kunyamaza. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliuandikia kitabu mgogoro huo mwaka 1997, na bado tunawaita watoto hao wavivu. Mtoto yule hakuuacha moyo wake nyumbani wakati wa likizo. Kilichokatika ni uwezo wa kufuata kinachosemwa. Moyo ulivunjika baadaye.

Chuoni tatizo hujificha zaidi, kwa sababu mwanafunzi anaonekana akisoma. Ingia bwenini siku chache kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Utamkuta kijana ameinamia desa, yaani maelezo ya somo, la kurasa arobaini, kalamu ya rangi mkononi, anapitisha njano juu ya mistari aliyoipaka njano jana. Simu imelazwa kifudifudi kando ya daftari. Ikitetema anaigeuza, anasoma ujumbe wa kundi la darasa (kuna anayeuliza kama swali la tatu la mwaka jana litarudi), anailaza tena, kisha anaanza aya upya kutoka juu. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba kazi iliyoachwa katikati huendelea kushika sehemu ya akili ya mtu hata anapokuwa amehamia nyingine. Kijana wetu anahamahama hivyo saa baada ya saa. Ifikapo saa nane usiku, kila sentensi anayoitazama inamjia kama kitu anachokijua. Anaridhika, analala.

Kuridhika huko ndiko kunakomponza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini mafupi. Kundi moja liliyasoma katika vipindi vinne. Jingine liliyasoma katika kipindi kimoja tu, kisha likajaribu mara tatu kuandika yote linayoyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vinne walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 40 dhidi ya 61. Na waliosoma vipindi vinne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Ukimtuma mwanafunzi wa namna hiyo kwenye mtihani, akapata supu, yaani mtihani wa marudio, katika somo alilolikeshea, atahitimisha nini? Hatasema njia yake ni mbaya. Atasema kichwa chake kizito, na muhula unaofuata hatakuwa na sababu ya kukesha.

Kujaribiwa huko si kugeni kwetu. Mwalimu wa chuo cha Kurani katika mwambao wetu hakutosheka na mtoto kusema amedurusi. Alimwambia afunge msahafu, asome mbele yake, na kosa likajulikana papo hapo. Mengi katika malezi yale siyatetei, fimbo ikiwa ya kwanza, lakini mtoto aliondoka akijua kwa hakika amefika wapi. Mwanafunzi wetu wa shahada hujua hilo matokeo yakitoka.

Badala ya kumwonyesha amefika wapi, tunampa zawadi au vitisho. Mwaka 1971 Edward Deci aliwalipa baadhi ya wanafunzi dola moja kwa kila fumbo walilolitegua; malipo yalipokoma, muda waliotumia kuchezea mafumbo kwa hiari ulishuka. Yeye na wenzake walipochambua majaribio 128 mwaka 1999, walikuta kwamba kumwambia mwanafunzi wa chuo amefanya vyema hasa katika jambo fulani kulimwongezea hamu, wakati zawadi zilizoahidiwa zilielekea kuipunguza. Hofu ya kudisco, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, nadhani, haina sifa bora kuliko zawadi: humtoa mtu kitandani, haimfundishi afanye nini akishaketi mezani.

Sidai kwamba kuelewa kunatosha. Ambaye boom lake, yaani fedha za mkopo za kujikimu, halijaingia na anashindia mlo mmoja anahitaji chakula kabla ya mbinu yoyote ya kudurusi. Ila kwa walio wengi, dakika kumi za mwisho wa kila mhadhara, madaftari yakifungwa na kila mmoja akiandika alichobaki nacho, zingefaa kuliko hotuba ya mwanzo wa mwaka. Pingamizi nililolisikia mara nyingi ni la mzigo: nani atasahihisha karatasi mia nne kila wiki? Hakuna anayelazimika kuzisahihisha. Katika jaribio la Roediger na Karpicke wanafunzi hawakupewa masahihisho yoyote, na bado waliojijaribu ndio waliokumbuka.