Skwoshi kwa vijana wa Kenya

Skwoshi ni mchezo wa raketi ambao kwa kawaida huchezwa na watu wawili ndani ya ukumbi wenye kuta nne, wa urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Ulianzia shule ya Harrow, Uingereza, katika karne ya 19. Mpira wake mdogo wa raba haudundi vizuri ukiwa baridi, hivyo wachezaji huupasha moto kwanza kwa kuupiga ukutani. Nchini Kenya mchezo huu umelelewa na vilabu vya wanachama, kama Parklands jijini Nairobi. Khaaliqa Nimji, mchezaji wa Kenya aliyezaliwa 1998, amecheza kimataifa. Lakini vijana wasio wanachama wa vilabu hivyo wanahitaji viwanja vya umma. Skwoshi itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles, 2028.