Bao la Mafundi: Utamu Uko Ngazi ya Juu

Bao watu wengi wanalijua nusu tu. Pale Kawetele, Tukuyu, kama vijiwe vingine vya Tanzania, kijana akishajua kusambaza kete na kula, tayari anajiona fundi. Kumbe bado yuko mlangoni.

Tazama bao la Kiswahili lenyewe. Mashimo 32, safu nne za manane manane. Kete 64, mara nyingi komwe. Kila mchezaji anaanza na kete 10 baoni na 22 mkononi. Kwanza ni kunamua, yaani kuingiza kete moja moja hadi mkono uishe. Kisha unakuja mtaji, ambapo kila mtu anacheza na zilizomo baoni tu. Anayejifunza hukimbilia mlo mnono, na zamu mbili mbele analia.

Fundi hatishwi na mlo. Anajua sheria inamlazimisha anayeweza kula ale, kwa hiyo anamtegea mwenzake mlo na kumvuta anakotaka yeye. Nyumba yake, lile shimo linaloanza na kete 6, anaitunza. Akila na kete zikaishia pale, ni yeye anayeamua: zilale, au aende safari. Halafu kuna kutakatia. Hapo anacheza bila kula, anamwachia mwenzake shimo moja tu lililo hatarini, na kwa sheria shimo hilo linafungwa. Mwenzake analiona linakwenda kuliwa na hana ruhusa ya kulihamisha. Si mchezo!

Hata michezo ya ughaibuni ina jambo hili. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mtu anajifanya shujaa au mchawi na kupanda ngazi. Chini kule anahangaika na madudu ya mapangoni. Katika sheria zile za kwanza, mpiganaji akifika ngazi ya 9 anaitwa bwana na anaweza kujenga ngome yake na kutawala. Sheria ni zile zile, ila maswali yanakuwa mengine. Anayeacha mapema hayafikii.

Bao nalo ni hivyo hivyo, na hapa ndipo penye uchungu. Historia imewataja wachache. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliligusa bao katika tungo zake. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa utafiti wake juu ya mafundi wa bao, baada ya kucheza nao Zanzibar. Ukivuka mto Songwe kutoka upande wa Tukuyu, Malawi wanaliita bawo na sheria zinafanana sana. Lakini wale waliolipeleka kijiji hadi kijiji, wakavumbua mitego hiyo yote, wengi wao hakuna anayewajua hata kwa jina.

Sataranji ina daftari. Mechi iliyochezwa London mwaka 1851 inaweza kurudiwa leo hatua kwa hatua. Bao la kijiweni likiisha, kete zinazolewa, linapangwa jingine, na ule mtego uliowafanya watu wasimame wapige kelele umebaki vichwani mwa waliokuwepo. Mzee akiondoka, unaondoka naye.

Ndiyo maana bao la juu lina thamani kuliko ushindi wa siku moja. Kusambaza kete mtoto anajifunza mchana mmoja. Kutakatia kunataka miaka, na kunataka fundi aliye hai wa kukaa naye, kumwuliza kwa nini hakula pale, na kufungwa naye mara nyingi bila kununa. Vijana wa Kawetele wenye simu mkononi wanaweza hata kumrekodi mzee akicheza, wakaandika na jina lake.