Sakafu ya Bahari Iliyobaki Geita

Leo tuzungumzie bahari, lakini tuizungumzie tukiwa Geita, kilometa zipatazo 800 kutoka pwani ya karibu. Msafiri atokaye Shinyanga kwenda huko kwa njia ya Kahama huona mashamba ya pamba, ng'ombe na majabali ya graniti. Bahari haimjii akilini kamwe.

Hata hivyo, ile miamba ya kijani-kijani inayochimbwa pamoja na dhahabu, sehemu yake kubwa ilizaliwa chini ya maji. Umbo lake ndilo shahidi. Uji wa moto kutoka tumboni mwa dunia ulipokutana na maji baridi, uliganda upesi kwa nje, ukavimba na kurundikana kama mito. Nasema mito ya kulalia, si ya kuvuka kwa mtumbwi. Mirundo hiyo ingali ikionekana katika basalti ya Usukuma.

Sakafu ya bahari huzaliwa hivyo hata leo. Katikati ya bahari kuu ganda la dunia huachana sentimeta chache kwa mwaka, na uji huo hupanda kuziba ufa. Juu hukaa basalti ya mito, chini yake kuta za mawe yaliyogandia nyufani, na chini zaidi gabro iliyopoa polepole. Unene wote ni kilometa 6 au 7 hivi.

Lakini bahari haitunzi kumbukumbu zake. Sakafu ikizeeka hupoa, huwa nzito, ikazama tena. Ndiyo maana karibu yote iliyopo haizidi umri wa miaka milioni 200. Mwaka 2003 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha umri wa basalti ya Usukuma: miaka milioni 2,820 hivi. Atafutaye sakafu ya bahari za kale, basi, hana budi kuja bara.

Wataalamu wangali wakibishana kama ile ilikuwa bahari kuu, au bahari ndogo nyuma ya visiwa vya volkano. Shauri hilo litaamuliwa na mawe yenyewe, na mawe yanasagwa. Mgodi wa Geita uliofungwa mwaka 1966 ulifunguliwa upya mwaka 2000, na hata magwangala, yale mabaki ya mgodini, wananchi wameyagombea wapate chembe zilizosalia.

Dhahabu na ichimbwe, watu wanakula kwayo. Naomba tu rundo moja la mito hiyo liwekewe uzio, na watoto wa shule wapelekwe kuliona.