Umekula? Unalala? Nani Anajua?

Mjomba alinipa nusu ukurasa. Kijitabu cha mazishi kilikuwa cha kurasa nane: tano za picha, mbili za nyimbo na ratiba, nusu ya shukrani. Mimi, kwa kuwa ndiye "yule wa kuandika-andika" katika familia, nikaambiwa nijaze wasifu wa marehemu kabla ya saa kumi jioni, maana mtu wa saiba anafunga mapema. Mstari wa kwanza mjomba alikuwa ameshauandika: "Alikuwa nesi, mama na mshauri." Nikajaza mengine. Shule, ndoa, watoto sita, wajukuu kumi na saba, kustaafu, sukari, figo. Watu walilia pale pa kulia, tukamzika, tukala, tukarudi mjini.

Lakini lile neno la tatu halijaniacha. Nesi, sawa, kuna cheti. Mama, sawa, sisi tuko. Mshauri? Nani alimpa hiyo kazi?

Shosho alizaliwa 1944 kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro, ile nchi ya ngano ambako Lord Delamere alianza majaribio yake ya kilimo mwanzoni mwa karne. Baba yake alikuwa skwota: unamfanyia mwenye shamba kazi kwa mshahara mdogo, naye anakuachia kipande ulime na kulisha mbuzi, mpaka siku atakapobadilisha nia. Nia ilibadilika Oktoba 1952. Hali ya hatari ilipotangazwa, familia za Wakikuyu zilianza kutolewa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa Kati, mahali ambapo watoto wengi kama yeye hawakuwahi kupaona. Kuhusu safari hiyo alinisimulia kitu kimoja tu. Mama yake alipanda lori na sufuria ya maharagwe yaliyokuwa bado jikoni, akaishika kwa leso njia nzima, na walipofika yalikuwa yamechacha. Nilimuuliza alijisikiaje. Akasema, "Tulikuwa na njaa." Basi.

Hospitali za enzi hizo zilikuwa na rangi. War Memorial, ambayo ukiishi Nax umepita mlangoni pake mara elfu, ilijengwa kama ukumbusho wa vita na ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikuwa na wodi zake, na aliyemfunga vidonda mara nyingi alikuwa dresa, Mwafrika mwenzake aliyefundishwa kazi papo hapo. Uhuru ulipokuja 1963 serikali ilihitaji manesi wake haraka. Shosho aliingia mafunzoni 1965, akatoka nesi wa cheti, ngazi ya chini kabisa ya wenye sare. Kwenye ukuta wa jikoni aliwahi kubandika picha ya gazeti ya Eunice Kiereini, nesi mkuu wa Kenya, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Ya rais wa nchi hakubandika. Sijui kama ilikuwa siasa au ukosefu wa nafasi.

Miaka yake mingi aliifanya katika ile hospitali ambayo sisi wa hapa bado tunaiita PGH, ingawa bango siku hizi linasema kitu kingine. Zamu za usiku, leba, kisha wodi ya wanawake. Sitamfanya malaika. Manesi wa leba wa kizazi chake, na wa kizazi chetu pia, wanajulikana kwa ulimi, na wengine kwa kofi, na yeye alikiri kwamba ulimi alikuwa nao. "Usiku mmoja akina mama kumi na nne, nesi mmoja. Ungefanya nini?" Sikuwa na jibu, ila nilibaki nikiwafikiria wale kumi na nne.

Kilichonishangaza ni alichokuwa akifanya baada ya ulimi. Mtoto akifa, daktari anaandika kwenye faili na kuondoka. Anayebaki na mama ni nesi. Hakukuwa na chumba cha hiyo kazi wala fomu, na hata jina halikuwepo. Sisi leo tunasema ushauri nasaha. Nilipomuuliza wao waliitaje, alifikiria kidogo: "Kuongea na mgonjwa." Alikuwa na maswali yake matatu, na sisi wajukuu tuliyakariri kwa utani kwa sababu hata ukienda kwake na mafua alikuuliza hayo hayo. Umekula? Unalala? Nani mwingine anajua?

Hilo la tatu nililielewa nikiwa mkubwa.

Kisa cha kwanza cha ukimwi Kenya kilitambuliwa 1984. Serikali haikutaka makelele, watalii wangekimbia, na kwa miaka mingi ugonjwa uliishi kwenye magazeti kama uvumi na kwenye wodi kama ukweli. Sasa angalia ramani. Nakuru iko katikati ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Kampala. Malori yanapumzika Salgaa, madereva wanakula, wanalala, maisha yanaendelea. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini Shosho alikuwa na vitanda vya wanawake waliokonda bila sababu ambayo mtu alikuwa tayari kuitamka. Dawa hakuna. Na juu ya hilo, tangu Desemba 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada, ule mpango ulioitwa kuchangia gharama, na wagonjwa walipungua ghafla, si kwa sababu walipona.

Majibu yakitoka, mara nyingi kazi ya kuyasema iliangukia nesi. Fikiria: unamwambia mwanamke wa miaka ishirini na sita neno ambalo dawa yake haipo, kisha anarudi kwa mume ambaye huenda ndiye aliyemletea na huenda ndiye atakayemfukuza. "Nani mwingine anajua?" lilikuwa swali la usalama. Kama hakuna anayejua, mnapanga mtu mmoja wa kuambiwa. Kama mume anajua, unauliza amefanya nini alipojua. Shosho alisema wengi walijibu, "Ni wewe tu, sista." Akabeba hizo "ni wewe tu" kwa miaka kumi na tano, akazileta nyumbani kwa mguu, akapika ugali.

Alistaafu 1999 akiwa na miaka 55, kama sheria ya watumishi wa umma ilivyotaka wakati huo. Novemba mwaka huo huo Rais Moi akatangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Alikuwa akichekea hiyo tarehe mpaka machozi: "Walingoja nistaafu!"

Kuanzia 2001 vituo vya VCT vilianza kufunguliwa nchini, na ghafla kile alichokuwa akikifanya kando ya kitanda kikawa na kozi, kiti cha plastiki na sanduku la tishu mezani. Akasoma kozi. Akiwa na miaka karibu sitini, anafundishwa namna ya kumsikiliza mtu. Alisema mwalimu alikuwa kijana mzuri na kwamba sanduku la tishu ni wazo la maana. Kituoni mteja hakuandikwa jina, alipewa namba. Shosho akawa na namba zake, na kwa kuwa kichwa kilianza kuchoka, akanunua kaunta buku.

Nitarudi kwenye hiyo kaunta buku.

Kabla ya hapo lazima niseme juu ya moto, maana huwezi kuandika historia ya nesi wa Bonde la Ufa ukaruka moto. Vita vya ardhi na kura vilivyoanza mwishoni mwa 1991 vilifika Molo na Olenguruone 1992, na watu waliitwa madoadoa, kitu cha kufutwa kwenye kitambaa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro. Shosho alikuwa kazini mara zote mbili. Wodi haina mpaka wa kabila, alisema, lakini wageni wanaokuja kuona wagonjwa wanao. Aliyepigwa mshale na aliyekatwa panga wanalala vitanda viwili, na nesi ndiye anayeamua nani ageuziwe ukuta.

Ya 2008 naikumbuka mwenyewe, kwa macho ya mtoto wa miaka saba. Baba yangu anatoka upande wa Kericho. Nina shosho kwa mama na kogo kwa baba, na mpaka wiki ya mwisho ya Januari sikujua kwamba hilo ni jambo. Baba alikuwa amesafiri Krismasi na hakurudi. Moshi ulitoka upande wa Kaptembwo, watu walikimbia na magodoro. Shosho alivaa sweta yake ya bluu, ile ya kazini, akiwa ameshastaafu miaka tisa, akaenda Showground.

Maelfu walikuwa wamepiga kambi pale, kwenye uwanja ambao sisi tuliujua kwa maonyesho ya kilimo na pipi za pamba. Alienda karibu kila siku. Nilidhani anafunga vidonda. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima aliponieleza kilichokuwa kikimtesa: watu walikuwa wamekimbia bila dawa. Vidonge vya virusi vilikuwa vimetolewa bure kwenye hospitali za umma tangu 2006, na ukivianza huruhusiwi kukatiza. Sasa mtu yuko kwenye hema na jirani wa hema, mashemeji na watoto, vidonge vimeungua na nyumba, na kuvipata tena ni lazima kwanza aseme kwa sauti kwamba alikuwa navyo. Shosho akawa anawachukua wanawake matembezi hadi kwenye uzio, mmoja mmoja, kama wanaotafuta kuni. Umekula? Unalala? Nani anajua? Jioni anaondoka na orodha kichwani kwenda kuulizia dawa.

Makubaliano ya amani yalitiwa saini 28 Februari. Baba alirudi Machi, amenyoa ndevu. Shosho alimwekea chakula na kumuuliza mawili ya kwanza. La tatu hakuliuliza, mbele yetu angalau.

Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchini katika ghasia zile. Nimeisoma ripoti ile usiku mmoja kwenye simu, yote, nikitafuta kitu ambacho sikukipata. Inajua nani alikufa na wapi. Wale wa kwenye uzio hawamo, na hawangeweza kuwamo: hakuna aliyejua ila yeye.

Kenya ilipata sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Inasema nani anaruhusiwa kujiita mshauri, na nina hakika ni sheria nzuri, matapeli ni wengi. Shosho wakati huo alikuwa na miaka sabini na foleni ya viatu mlangoni kila Jumapili.

Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo 2022, nilipoacha chuo mwaka wa tatu. Sitaki kuirefusha hadithi hiyo. Karo ilikuwamo, na mambo mengine ambayo karo iliyafunika vizuri. Mathe alilia. Baba alinyamaza kwa namna yake. Shosho aliniita, akaniita "mama" kama siku zote kwa sababu jina langu la katikati ni lake, akanisogezea chai. "Umekula?" Nimekula. "Unalala?" Hapana. Akangoja. "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia: ni wewe tu. Nilisikia nilichosema. Yeye alikuwa amelisikia hilo neno mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuonyesha.

Sasa kaunta buku. Tuliipata wiki moja baada ya mazishi, kwenye debe la Kimbo chini ya kitanda, pamoja na kadi ya chama na saa ya sare isiyotembea. Kurasa mia mbili karibu, mwandiko mdogo. Namba, tarehe, na pembeni maneno mawili matatu ya kumkumbusha nani ni nani. Nilisoma kurasa mbili. Kwenye ya pili nilimtambua mtu. Alikuwa amekaa safu ya tatu kwenye mazishi, alikuwa ameleta sukari, yuko hai, ana afya.

Nikafunga.

Mathe alisema ichomwe siku hiyo hiyo. Sheria iko upande wake: ile ya 2006 inakataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake, na haisemi ruhusa inaanza mtoaji akifa. Mimi nilisema tungoje. Nilikuwa na sababu za kisomi, za mtu asiye na shahada: kwamba hakuna rekodi nyingine ya kazi hii, kwamba tukichoma tunabaki na maneno matatu ya mjomba, kwamba naweza kufuta kila kinachomtambulisha mtu. Zote bado naziamini. Pia nilitaka kuisoma, na nisiposema hivyo nitakuwa naongopa.

Iliishi kwangu wiki tatu, ndani ya begi, begi ndani ya kabati. Sikuifungua tena lakini nililala kidogo.

Kisha akaja rafiki yake, nesi mstaafu mwenzake wa Lanet, na bakora na kiondo. Alikuwa hajaja mazishini, miguu. Tulizungumza juu ya mvua. Mathe alipoingia jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Aliacha kitabu?" Nikasema ndiyo. "Nani amekisoma?" Nikasema mimi, kurasa mbili. "Nani mwingine anajua?"

Nilienda kabatini. Aliipokea bila kuifungua, akaisukuma chini kabisa ya kiondo, chini ya sukuma wiki, akasema yake ziko tatu. Sikumuuliza atafanya nini nazo. Akaulizia chai.