Mboni ya Darubini, Wala si Tundu

Orodha ya istilahi za sayansi iliyonifikia hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, inaagiza kwamba ile sehemu ya darubini inayopokea mwanga, ambayo upana wake ndio jambo la kwanza kwa mzazi kuliuliza kabla ya kumnunulia mwanawe chombo hicho, iitwe "tundu". Kamati iliyoiandaa haikutoa sababu. Nimeitafuta kwa nia njema, sikuipata. Tundu ni mahali palipotoboka. Ndoo yenye tundu hupoteza maji, ngalawa yenye tundu huzama. Mtu wa pwani hii akiambiwa kwamba darubini bora ni ile yenye tundu kubwa, ataelewa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa, na kosa halitakuwa lake.

Chanzo cha kosa hakijifichi. Watoto wetu husoma kwa Kireno, na Kireno husema *abertura*, kutokana na Kilatini *apertura*, ambalo nalo limezaliwa na kitenzi *aperire*, yaani kufungua. Waliokaa kikaoni walilishika neno wakaliacha jambo. Waliona kufunguka, wakaandika tundu, wakashuka mstari unaofuata. Kwenye darubini ya kioo upotovu huo unadhihirika zaidi, maana kinachokusanya mwanga humo ni kioo mbonyeo kilichowekwa mwisho wa bomba, na upana wa kioo hicho ndio unaopimwa. Pale hakuna kilichotobolewa.

Neno tunalolihitaji tunalo tayari, nalo ni *mboni*. Darubini yenye mboni ya milimita 70, darubini yenye mboni ya milimita 114: sentensi hizo hazihitaji maelezo wala mkalimani. Kila mtu anajua kwamba mboni ndiyo mlango wa mwanga katika jicho, na kwamba gizani hutanuka ili mwanga mwingi zaidi uingie.

Tulitazame neno lenyewe lilivyojengwa. Mzizi wake ni ule ule wa kitenzi *kuona*, ambacho zamani sana, katika lugha mama ya Kibantu, kilikuwa na sauti ya *b*. Wazulu bado wanasema *bona*, na Wanyarwanda *kubona*. Kwetu *b* hiyo ilidondoka katikati ya irabu, tukabaki na *ona*. Lakini ilipotanguliwa na *m* ilikingwa, ikadumu hadi leo ndani ya *mboni*. Basi mboni, kwa asili yake, ni "kile kionacho". Jirani zetu wasemao Kichewa wana neno hilo hilo, *mboni*, na kwao ni shahidi, mtu aliyeona. Sijui istilahi gani ingekifaa chombo cha sayansi kuliko jina linalobeba kuona na ushahidi kwa pamoja.

Mataifa mengine yaliipa sehemu hiyo ya jicho jina la kijisura cha mtu kinachoonekana ndani yake. Kilatini kiliiita *pupilla*, kibinti. Mreno huita *menina do olho*, msichana wa jicho. Mwarabu husema *insan al-ayn*, mtu wa jicho. Hayo ni majina mazuri, lakini ni majina ya kivuli. Wazee wetu waliitazama kazi. Ndivyo walivyofanya hata angani: lile kundi la nyota lililowaonyesha majira ya shamba waliliita *kilimia*, kwa sababu ya kulima. Anayetunga istilahi kwa kufuata kazi ya kitu anafuata nyayo hizo.

Ajabu ni kwamba jina la chombo kizima limetungwa kwa njia hiyo hiyo. *Darubini* ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia za bahari: *dur* ni mbali, na *bin* ni shina la kuona. Mwaka 1611, kwenye karamu iliyoandaliwa Roma kumheshimu Galileo, Mgiriki Giovanni Demisiani alikipa chombo hicho jina la *telescopio*, kwa kuunga *tele*, mbali, na *skopein*, kutazama. Mwajemi na Mgiriki walifika mahali pamoja. Kwa hiyo wale wanaotushinikiza tuiache darubini na kusema "kionambali", eti kwa kulisafisha neno, wanatafsiri kilichokwisha kutafsiriwa. Na ikiwa chombo chenyewe kinaitwa kwa kuona kwake, kwa nini kiungo chake kikuu kiitwe kwa kutoboka?

Nayajua mapendekezo ya wapinzani, na nimeyasoma yote. Wapo wanaotaka "upenyo". Upenyo ni nafasi nyembamba ambayo mtu hujipenyeza kwa shida, na darubini njema ni ile yenye nafasi pana. Wapo wanaoona kwamba "kipenyo" kinatosha. Kipenyo ni kipimo cha duara lolote, liwe la sahani au la kisima. Kipimo hakiwezi kuwa jina la kitu kinachopimwa. Aseme mtu "kipenyo cha mboni ni milimita 70", na hapo kila neno limekaa mahali pake.

Wapo pia waliodai mbele yangu, kwa sauti ya watu waliokwisha kuamua, kwamba mboni ni ya kiumbe hai na bomba halina jicho. Wanasahau lugha yao. Meza ina miguu, chupa ina shingo na mdomo, bahari ina mkono. Mitepe ya Lamu ilichorwa macho kwenye omo, na hakuna nahodha aliyelalamika kwamba mbao hazioni. Na daktari wa macho akituambia kwamba mboni nayo, kimaumbile, ni uwazi tu, tutamkubalia, kisha tutamuuliza kama aliwahi kumwambia mgonjwa wake kwamba atamkagua tundu la jicho.

Tena mboni ina nguvu ambayo maneno ya wapinzani hayana. Kwanza, hubana na kutanuka. Galileo, ambaye Januari 1610 aliiona miezi minne ya Mushtari, aliziba kingo za lenzi yake kwa pete ya karatasi ngumu ili taswira itulie. Aliibana mboni. Mifuniko ya darubini nyingi ndogo za leo ina kifuniko kingine kidogo, cha kufungua peke yake wakati wa kutazama mwezi mpevu unaoumiza jicho kwa mng'ao. Hiyo nayo ni kuibana mboni. Pili, neno hili huzaa. Ule mwanga unaotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni nao una upana wake, na tunaweza kuuita *mboni ya nyuma*. Darubini za macho mawili zitumiwazo na mabaharia, zenye alama 7x50, hukuza mara 7 na zina mboni ya mbele ya milimita 50. Gawanya 50 kwa 7, mboni ya nyuma inakuwa kama milimita 7, nao ndio upana ambao mboni ya kijana hufikia gizani. Chombo na jicho hukutana mboni kwa mboni. Jaribu kulieleza jambo hilo kwa matundu.

Tatu, neno hili humlinda mnunuzi. Masanduku ya darubini za bei rahisi huandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinakuza mara 525, na mzazi hulipa kwa ajili ya namba hiyo. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara 2 kwa kila milimita ya mboni. Mboni ya milimita 60 inaishia kwenye mara 120, na chochote zaidi ya hapo ni ukungu uliopanuliwa. Hesabu ya mwanga nayo ni nyepesi: mboni ya mtoto gizani ni kama milimita 7, ya darubini ni 70, yaani mara 10 kwa upana, na kwa kuwa mwanga huenda kwa eneo, ni mara 100. Mtoto wa darasa la 5 ataikamata hesabu hiyo papo hapo, kwa kuwa tumemwanzishia na jicho lake mwenyewe.

Kuhusu ununuzi wenyewe maneno ni machache: mboni isipungue milimita 70, miguu isitikisike, darubini fupi ya kioo ya kuweka mezani, yenye mboni ya milimita 100 au 114, ni bora kuliko bomba refu juu ya miguu dhaifu, ihifadhiwe pakavu, maana unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, na mtoto asiielekeze kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Onyo hilo lisipuuzwe na mtu yeyote anayekumbuka jinsi sote tulivyotaka kutazama juu tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kipete kulipopita kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ukiwa na mboni ya milimita 70 utaziona pete za Zohali. Kundi la nyota la Omega Centauri, ambalo London halichomozi kamwe na kwetu hupanda juu angani, litakuwa ukungu wa mviringo. Kwa milimita 114 nyota za pembeni huanza kuchambuka moja moja.

Sisi tulio kusini mwa Ruvuma hatualikwi kwenye vikao vya istilahi, ingawa Kiswahili kinasemwa Palma, na Kimwani cha Mocímboa da Praia na Ibo ni ndugu yake wa karibu. Tangu mashambulizi ya waasi yaanze Oktoba 2017, watoto wa pwani hii wameujua usiku kwa hofu, na wengi wameujua wakiwa njiani, mbali na nyumba zao. Anayewarudishia anga kwa lugha yao anawafanyia jambo kubwa, na hana haki ya kuwapa neno la kubahatisha. Kamati ikutane tena, ilifute tundu na iandike mboni. Ikikataa, walimu na wazazi waliandike wenyewe, kwa sababu neno ni lao tangu kabla ya kamati yoyote kuundwa.